Mwalimu wa Kiswahili katika Vyuo Vikuu vya Nje: Jina, Mkataba na Lugha ya Kuandikia

Ikisiri

Makala haya yanaeleza hali ya kazi ya mwalimu na mtafiti wa Kiswahili aliyeajiriwa katika chuo kikuu cha nchi ya kigeni. Yanaanza na walimu wa mwanzo waliopelekwa Berlin na Hamburg wakati wa ukoloni, yanapitia wasomi walioondoka Afrika Mashariki baada ya uhuru, kisha yanachambua mazingira ya kazi hiyo katika siku zetu. Hoja kuu ni kwamba nafasi ya mwalimu huyu hupimwa kwa mambo matatu: jina lake huandikwa wapi, mkataba wake unamruhusu nini, na matokeo ya utafiti wake huandikwa kwa lugha gani. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa idara za Kiswahili zilizoko nyumbani.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kimefundishwa katika vyuo vikuu vya Ulaya kwa zaidi ya miaka 130. Jambo hili hutajwa kwa fahari kila inapozungumzwa habari ya kuenea kwa lugha yetu, na fahari hiyo ina haki yake. Hata hivyo, ni nadra kuulizwa ni nani hasa aliyekuwa akisimama mbele ya darasa, alikuwa amepewa cheo gani, na elimu aliyoitoa ilihifadhiwa kwa jina la nani. Maswali haya si ya kihistoria tu. Kila mwaka vijana wetu wenye shahada za Kiswahili huondoka kwenda kufundisha Ulaya, Marekani na Asia, na wengi wao huondoka bila kuelezwa kwamba nafasi wanazokwenda kuzishika zina historia ndefu.

Katika makala haya tutatumia neno "msaidizi wa lugha" kwa maana ya mzawa wa lugha aliyeajiriwa ili atoe mifano, atamke, asahihishe na azungumze na wanafunzi, chini ya uongozi wa profesa ambaye mara nyingi si mzawa wa lugha hiyo. Neno "msomi" tutalitumia kwa mtu ambaye chuo kimemkubali kama mwenye haki ya kuuliza maswali ya utafiti na kuyajibu kwa jina lake mwenyewe. Mtu mmoja anaweza kuwa yote mawili kwa elimu yake, huku mwajiri akamtambua kwa moja tu. Tofauti hiyo baina ya ajuacho mtu na anachotambuliwa kwacho ndiyo kiini cha mjadala wetu.

2.0 Chimbuko: Walimu wa Berlin na Hamburg

2.1 Kutoka Amur bin Nasur hadi Mtoro bin Mwinyi Bakari

Mwaka 1887 ilifunguliwa huko Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, taasisi iliyoambatanishwa na chuo kikuu cha mji huo. Kusudi lake lilikuwa kuwaandaa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokuwa wakienda Afrika na Asia. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa tangu mwanzo, chini ya C. G. Büttner. Mpango wa kazi ulikuwa wazi: Mjerumani alifundisha sarufi, na mzawa wa lugha alifundisha matamshi na mazungumzo.

Miongoni mwa wazawa hao alikuwako Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha Berlin kati ya mwaka 1891 na 1895. Aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, nazo zikachapishwa na Büttner katika mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili uliotoka mwaka 1894. Mwandishi alikuwa Amur, lakini kitabu kilijulikana kwa jina la mhariri wake.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, akapata elimu ya dini ya Kiislamu, na mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha. Hakuwa mtu wa kutamka maneno tu. Sehemu kubwa ya kitabu maarufu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ilitoka katika kalamu yake. Kitabu hicho kinaeleza kuzaliwa, malezi, jando, unyago, ndoa, ngoma, maradhi, utumwa, sheria na mazishi ya watu wa Mrima, tena kwa utaratibu na kina ambacho mtafiti wa leo angeona fahari kukifikia. Kwa muda mrefu kitabu hicho kilitajwa kama kazi ya Velten. Tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1981 ndiyo iliyomweka Mtoro mbele kama mwandishi. Tangu 1903 hadi 1981 ni miaka 78, na Mtoro alikuwa amekwisha kufariki huko Berlin tangu mwaka 1927.

Maisha yake ya kazi yanaonyesha jinsi cheo cha darasani kilivyokuwa hafifu. Wanafunzi wake walikuwa watu waliokuwa wakijiandaa kwenda kutawala, na baadhi yao hawakukubali kumpa mwalimu Mwafrika heshima ya ualimu. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka uliofuata aliposafiri pamoja naye kurudi nyumbani, wakuu wa koloni hawakukubali wakae huko kama mume na mke. Ilimbidi arejee Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg katika Taasisi ya Kikoloni, iliyoanzishwa mwaka 1908, ambako Carl Meinhof aliongoza masomo ya lugha za Kiafrika. Huko nako hakudumu. Katika miaka iliyofuata alijitafutia riziki kwa kutoa mihadhara mbele ya umma.

2.2 Mohamed Husen

Mwalimu mwingine ni Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitumika katika jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto. Alifika Berlin mwaka 1929, na katika miaka ya 1930 akawa msaidizi wa lugha chuoni, akifundisha Kiswahili pamoja na profesa Diedrich Westermann. Kazi hiyo peke yake haikumtosha kuishi, naye alihudumu pia mkahawani na kuigiza katika filamu. Mwaka 1941 alitiwa nguvuni kwa sababu ya uhusiano na mwanamke aliyehesabiwa na utawala wa Nazi kuwa wa damu ya Kijerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Kisa hiki tunakitaja kwa sababu kinadhihirisha jambo ambalo maelezo ya kazi ya ualimu hulificha. Usalama wa mwalimu wa kigeni hautokani na umahiri wake darasani. Unatokana na sheria za nchi anamoishi. Husen alihitajika na chuo kwa miaka mingi, lakini umuhimu huo haukuwa kinga.

2.3 Waliofanya kazi bila kuondoka

Inafaa kukumbuka pia kwamba msaidizi hakulazimika kuvuka bahari. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati nzuri, aliwanakilia Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann miswada ya tenzi. Sehemu kubwa ya elimu ya tenzi katika vyuo vya Ulaya ilijengwa juu ya nakala na maelezo ya namna hiyo. Kwa hiyo uhusiano tunaoujadili si wa mahali tu. Ni uhusiano wa kazi, ambamo mmoja hutoa na mwingine huandika.

3.0 Wasomi Walioondoka Baada ya Uhuru

Uhuru ulibadili hali hii kwa njia mbili. Kwanza, zilianzishwa taasisi za nyumbani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, na Idara ya Kiswahili ya chuo kikuu hicho ikafuata mwaka 1970. Kuanzia hapo iliwezekana kusoma, kufundisha na kuandika juu ya Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe, katika ngazi ya chuo kikuu. Pili, mahitaji ya nje yaliongezeka. Nchini Marekani sheria ya elimu na ulinzi ya mwaka 1958 ilitoa fedha za kufundishia lugha za kigeni, Kiswahili kikiwamo, na katika miaka ya mwisho ya 1960 wanafunzi Wamarekani weusi waliidai lugha hii kama sehemu ya urithi wao.

Wasomi walioondoka hawakuondoka kwa sababu moja. Kuna waliokwenda kusoma. Euphrase Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, akaimaliza mwaka 1985, akarudi Dar es Salaam. Kuna waliosukumwa na siasa. Nchini Kenya, baada ya jaribio la mapinduzi la mwaka 1982, wahadhiri kadhaa waliwekwa kizuizini na wengine wakakimbia. Mwanaisimu na mwandishi wa tamthilia Alamin Mazrui alikuwa mmoja wa waliowekwa kizuizini, na baadaye akafundisha katika vyuo vikuu vya Marekani. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa tangu 1969 hadi 1972, alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili huko Dar es Salaam kwa miaka saba, kisha akahamia London, na kuanzia mwaka 1995 akafundisha Kiswahili Leipzig hadi mwaka 2011. Tena kuna walioondoka kwa sababu mshahara ulikuwa umepoteza thamani. Msukosuko wa uchumi wa Tanzania katika miaka ya 1980 uliwaacha wahadhiri wakilima bustani na kufuga kuku ili watoto wale.

Wala si wote walioelekea Ulaya na Marekani. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alifundisha Kenya, kisha Osaka nchini Japani, na kuanzia mwaka 1997 akawa profesa wa fasihi za Kiafrika huko Bayreuth, Ujerumani. Kezilahabi naye aliondoka tena katika miaka ya 1990 kwenda Chuo Kikuu cha Botswana. Botswana ni nchi ya Kiafrika na jirani wa mbali, lakini Kiswahili si lugha ya watu wake. Mwalimu wa Kiswahili ni mgeni huko kama alivyo mgeni Osaka.

Tofauti kati ya kizazi hiki na kile cha Mtoro ni kubwa. Hawa walikwenda wakiwa na shahada na vitabu vilivyokwisha kuchapishwa kwa majina yao. Hata hivyo nafasi ya msaidizi wa lugha haikufutika. Imeendelea kuwapo kando ya nafasi ya msomi, na ndiyo ambayo vijana wengi hupewa kwanza.

4.0 Mazingira ya Kazi

4.1 Mkataba na kibali cha kuishi

Mwalimu aliyezoea ajira ya kudumu nyumbani hushangaa kuona kwamba ughaibuni mkataba ndio unaotawala mipango yake yote. Nchini Marekani profesa anayetazamiwa kupata ajira ya kudumu hupewa muda wa kufanya utafiti, na hupimwa kwa maandishi yake. Mwalimu wa lugha hupewa vipindi vingi zaidi, mkataba mfupi zaidi, na hupimwa kwa idadi na maoni ya wanafunzi. Akitaka kuandika, huandika usiku. Nchini Ujerumani sheria ya mwaka 2007 iliweka kikomo kwa mikataba ya muda ya watafiti: kwa kawaida miaka sita kabla ya shahada ya uzamivu na miaka sita baada yake. Asiyepata uprofesa au nafasi ya kudumu katika muda huo huenda akalazimika kuacha kazi ya chuo akiwa na umri wa zaidi ya miaka arubaini.

Kwa mgeni, mkataba umefungamana na viza. Vijana wa Kenya na Tanzania wanaokwenda Marekani kwa mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha hukaa kwa mwaka mmoja wa masomo, nao husafiri kwa viza ya mabadilishano ya aina ya J-1. Sheria inawataka warudi kuishi nchini mwao kwa miaka miwili kabla ya kuweza kuomba ukaazi wa kudumu au viza kadhaa za kazi. Masharti haya yana faida kwa nchi iliyowapeleka, lakini ni wajibu kuyajua kabla ya kutia sahihi, wala si baada ya kuanza kuombea kazi nyingine.

Lipo pia suala la uraia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania haiuruhusu kwa watu wazima. Mtanzania aliyekaa nje miaka ishirini akachukua uraia wa huko ili apate utulivu wa kazi hurudi Bagamoyo au Ukerewe kufanya utafiti, na kisheria si raia tena.

4.2 Darasa

Ndani ya darasa, mzawa wa lugha hugundua upesi kwamba kuijua lugha na kuieleza ni mambo mawili. Mwanafunzi huuliza: kwa nini tunasema "mtoto wangu amefika" lakini "rafiki yangu amefika"? Ikiwa rafiki ni kiumbe chenye uhai, na kitenzi kimekubali hivyo, kwa nini kimilikishi kimeshika njia nyingine? Mwalimu akijibu "ndivyo tusemavyo" amejifunga mwenyewe katika nafasi ya msaidizi. Akieleza kwamba majina ya jamaa na mahusiano ya watu yaliyo katika ngeli ya N huchukua vimilikishi vya ngeli hiyo, huku vitenzi vikifuata uhai wa kinachotajwa, basi amekuwa mwanaisimu mbele ya darasa. Hali ni hiyo hiyo katika kiambishi "-me-". "Amekuja" humaanisha tendo limekwisha, lakini "amevaa" na "amelala" humaanisha hali iliyopo sasa. Mzawa wa lugha hakosei kamwe katika kuvitumia, wala hajapata kuulizwa sababu.

Tatizo la pili ni la lahaja. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kufuatana na uamuzi uliofikiwa Mombasa mwaka 1928. Mwalimu wa Mombasa au Lamu hulazimika kufundisha "macho" kutoka kitabuni, ilhali kinywani mwake na katika mashairi anayoyapenda neno ni "mato". Baadhi huona haya kulitaja. Sisi tunaona kwamba huu ni utajiri wa kufundishia. Mwanafunzi atakayesoma tenzi za kale bila ya kuwa amesikia Kiamu na Kimvita atadhani kwamba washairi walikosea.

Tatizo la tatu ni la adabu. Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi humwita mwalimu kwa jina lake la kwanza, bila kukusudia dharau yoyote. Mwalimu anayefundisha "shikamoo" na "marahaba" katika mazingira hayo anafundisha mfumo mzima wa heshima ambao darasa lenyewe haliufuati. Walimu wenye uzoefu huwaambia wanafunzi mapema kwamba ndani ya chumba hiki, na kwa saa hii, tutasalimiana kama watu wa pwani. Wanafunzi hukubali, na mara nyingi hilo ndilo wanalolikumbuka miaka mingi baadaye.

4.3 Utafiti

Mtafiti aliye nje ana vitabu lakini hana wasemaji. Mwenzake aliye nyumbani ana wasemaji kila upande lakini mara nyingi hana vitabu. Maktaba ya Shule ya Taaluma za Mashariki na Afrika mjini London ina hazina kubwa ya miswada ya Kiswahili, ikiwa ni pamoja na iliyokusanywa na William Taylor, Werner na Hichens. Mtafiti wa Lamu aweza kulazimika kwenda London, au kuzitazama picha zake katika kompyuta, ili asome utenzi ulionakiliwa mtaani kwao. Hata hivyo si kila kitu kilichukuliwa. Miswada na kanda zilizokusanywa na J. W. T. Allen katika miaka ya 1960 zilihifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970.

Anaporudi kukusanya data, mtafiti aliyeajiriwa na chuo cha nje hukutana na taratibu za vibali. Nchini Tanzania vibali hivyo husimamiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Wapo wanaolalamika kwamba wanatendewa kama wageni katika kijiji walichozaliwa. Malalamiko hayo yanaeleweka, lakini tukizingatia kisa cha Mtoro tutaona kwa nini nchi inataka kujua ni nani anachukua maneno ya watu wake na atayapeleka wapi. Swali la kumpima mtafiti, awe mzawa au mgeni, ni lile lile: waliotoa maneno watatajwa, na watapata nakala?

4.4 Lugha ya kuandikia

Hapa ndipo penye uzito zaidi. Mhadhiri aliye nje hupandishwa cheo kwa makala yaliyosomwa na wale wanaompima, nao wengi hawasomi Kiswahili. Kwa hiyo huandika kwa Kiingereza au Kijerumani. Matokeo yake ni kwamba uchambuzi wa mashairi ya Kiswahili humfikia msomaji wa Chicago kabla ya kumfikia mwalimu wa sekondari wa Tanga, na pengine huyo wa Tanga hafikiwi kabisa. Istilahi nazo hazikui, kwa kuwa istilahi hukua kwa kutumiwa.

Wapo walioipinga hali hii kwa vitendo. Said Ahmed Mohamed alipokuwa Bayreuth aliandika makala za kitaaluma kwa Kiingereza, lakini riwaya zake, kama vile Babu Alipofufuka (2001) na Dunia Yao (2006), aliziandika kwa Kiswahili na zikachapishwa Nairobi. Kezilahabi aliandika tasnifu yake kwa Kiingereza, lakini maswali ya falsafa aliyoyashughulikia humo yanasikika katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), na mashairi ya Dhifa (2008) yalitoka katika miaka yake ya Botswana. Jarida la Swahili Forum, lililoanza kutolewa Köln mwaka 1994, limekuwa likipokea makala ya Kiswahili pamoja na ya lugha nyingine. Mifano hii inathibitisha kwamba njia ipo, ingawa malipo yake katika mizani ya cheo ni madogo.

5.0 Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya tunapendekeza mambo manne. Kwanza, idara zetu ziwaandae wahitimu wanaokwenda nje kwa kozi fupi ya sarufi elezi na mbinu za kufundisha Kiswahili kwa wageni, ili wasitegemee uzawa wao tu. Pili, kila anayekwenda apewe maelezo ya maandishi juu ya aina za mikataba na viza. Tatu, vyuo vya nyumbani vishirikiane na wasomi walioko nje katika kusimamia tasnifu, na kuwapokea kwa mihula ya kufundisha wanapopata likizo ya utafiti. Nne, majarida yetu yawaalike kuandika kwa Kiswahili muhtasari mpana wa kila utafiti waliouchapisha kwa lugha nyingine, na kamati za kupandisha vyeo hapa nyumbani ziwe za kwanza kuyapa makala ya Kiswahili uzito unaostahili. Hatuwezi kudai kwa wageni heshima ambayo sisi wenyewe tunainyima lugha yetu.

6.0 Hitimisho

Tumeeleza kwamba mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha kigeni ameshika nafasi mbili tangu mwanzo, ya msaidizi na ya msomi, na kwamba kuvuka kutoka ya kwanza kwenda ya pili hakukutegemea elimu yake peke yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa msomi mwaka 1903 kama alivyokuwa mwaka 1981. Kilichobadilika ni ukurasa wa jina. Kijana anayefunga mizigo yake leo anakwenda katika hali bora kuliko ya Mtoro na ya Husen, akiwa na shahada na sheria za kumlinda. Asome mkataba wake kwa makini, ahakikishe jina lake limeandikwa juu ya kazi aliyoifanya, na angalau sehemu ya kazi hiyo aiandike kwa lugha ambayo ndiyo iliyompa ajira.